Vyuo vyetu na ziwa mlangoni

Nauza dagaa soko la Mwaloni hapa Mwanza, naishi Mabatini, na theluji nimeiona kwenye televisheni tu. Hata hivyo namheshimu Philip Boit, Mkenya aliyeshindana mbio za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano, 1998. Alijifunzia Finland. Kwenye kilomita 10 alimaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemsubiri dakika 20 hivi ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina hilo la Dæhlie.

Yeye aliifuata theluji huko kote. Sisi Ziwa Victoria liko mlangoni: Chuo Kikuu cha SAUT kiko Malimbe, Chuo cha Uvuvi kiko Nyegezi, na sijawahi kuona wanafunzi wao wakichuana kwa makafi. Oxford na Cambridge wanashindana kwa makasia tangu 1829! Mitumbwi tunayo, na wapiga kafi wa Ukerewe wangewafundisha, wasichana nao wasiachwe. Gharama ni majaketi ya kujiokolea. Ila wajue kuogelea kwanza. Victoria halina utani upepo ukigeuka.

Wakuu wa vyuo, jaribuni msimu mmoja. Washangiliaji tupo.