Chanzo: Mtandaoni

Kuna maneno nimeyasikia kwa wahariri wa tovuti kubwa mpaka yamenichosha: "Tunakusaidia ufike mbali." Maana yake ni kwamba makala uliyoiandikia jarida dogo itachukuliwa nzimanzima, itabandikwa kwao, na chini kabisa, baada ya matangazo ya mikopo na dawa za nguvu za kiume, litatajwa jina lako. Wengine hata hilo wanaliona kazi. Wanaandika "Chanzo: Mtandaoni", utadhani mtandao una mikono.

Sigombani na wezi, hao wana sheria yao. Nagombana na hawa wanaoomba ruhusa kwa adabu.

Waandishi tunatishwa kwamba Google huadhibu makala iliyojirudia. Haiadhibu, kampuni yenyewe ilishalisema hilo mwaka 2008. Inachofanya ni kuziweka kurasa zinazofanana kwenye fungu moja, kisha kuchagua moja ya kumwonyesha msomaji. Katika kuchagua huangalia mambo mengi, mojawapo likiwa viungo vinavyouelekea ukurasa huo kutoka tovuti nyingine. Jarida la watu watatu wanaochangishana hela ya bando litashindaje hapo? Nakala inapanda juu, makala yenyewe inazama.

Mtasema ni wivu wa kusomwa. Sawa, upo. Lakini mwandishi mmoja ninayemfahamu aliandika kuhusu wauza dagaa wa Kirumba, Mwanza, na mama mmoja akamsimulia habari za mkopo wake wa kausha damu. Baada ya makala kutoka, mama akaomba jina lake liondolewe. Jarida likaliondoa jioni ileile. Kwenye tovuti kubwa iliyokuwa imeinakili, jina likabaki, barua pepe zikabaki bila majibu, na ukilitafuta jina la mama yule, ukurasa unaotangulia ni huo wao. Deni lake linasomwa na wateja wake. Masahihisho hayaifuati nakala. Hilo ndilo wanaosifia "kufika mbali" hawalitaji kamwe.

Na dawa ipo. Mwaka 2009 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama ya kuonyesha ukurasa upi ndio asilia. Ni dokezo tu, mtambo unaweza kulipuuza, na tangu 2023 Google inashauri njia nyingine kwa makala zinazochapishwa upya: anayenakili aweke agizo la kuuzuia ukurasa wake usiingie kwenye matokeo ya utafutaji. Ni mstari mmoja. Wasomaji wake wa kila siku wataendelea kuiona makala hapo alipoiweka. Wanaotafuta ndio watakaopelekwa kwa mwenyewe.

Nilipomwekea mhariri mmoja sharti hilo, alinijibu, "Sasa sisi tutapata nini?" Jibu la kweli hilo, nalo linafuta habari yote ya kusaidiana. Wanachotaka ni watu wanaotoka kwenye utafutaji, kwa sababu matangazo hulipwa kwa macho.

Wahariri wa majarida madogo nao wanisikie: mkiandika "ruhusa imetolewa" bila masharti, mnagawa kisicho chenu peke yenu. Andikeni matatu tu: mstari ule uwekwe, kiungo kikae juu ya makala na si chini ya matangazo, na tukisahihisha, nanyi msahihishe ndani ya siku mbili au muiondoe. Atakayekataa, mnyimeni.