Leza Ijaribiwe kwa Mikokoteni Yetu

Mombasa si mgeni wa reli za barabarani. Mwanzoni mwa karne ya 20, vigari vilivyosukumwa kwa mikono vilipita juu ya reli nyembamba hadi Kilindini, na usalama wa wapita njia ulitegemea macho ya wasukumaji.

Leo wapo wanaotamani kisiwa chetu kiwe na tramu, nami ni mmoja wao. Lakini, ni nani atakayekiona kilichosimama relini?

Tramu haiwezi kupinda ikakwepa, na gurudumu la chuma juu ya chuma halina mshiko wa mpira juu ya lami. Ikienda kilomita 50 kwa saa, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akizubaa sekunde moja tu, mita hizo zimekwisha kabla breki haijaguswa. Hapo ndipo leza inapofaa. Kifaa hurusha mimweko ya nuru, kikapima muda wa kurudi kwake: nuru iliyogonga kitu kilicho mita 150 mbele hurejea baada ya takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwaka 2018 kampuni ya Siemens ilionyesha mjini Potsdam, Ujerumani, tramu ya majaribio iliyojiendesha kwa leza, rada na kamera.

Naam, lakini Potsdam si Mbaraki. Hapa malori ya bandarini, tuktuk na mikokoteni hugombea njia. Leza hupima umbali wa kitu bila kukijua jina, nayo ni sifa kubwa. Kazi ngumu ni kuamua. Yule hamali anavuka, au anangoja? Mtambo ukifunga breki kwa kila karatasi inayopeperuka, abiria waliosimama wataangushwa, na haitachukua muda dereva atauzima. Ukipuuza, atagongwa mtu. Tena matone ya masika nayo hurudisha nuru, na upepo wa bahari huacha chumvi juu ya kioo.

Kwa hiyo sioni busara ya kununua mtambo uliofunzwa ugenini tukauamini siku hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapa hapa Tudor. Wanafunzi wake wapewe kifaa kimoja, wakifunge kwenye nguzo Mbaraki, wakiache mwaka mzima, kaskazi na kusi, na kila kosa lake litangazwe gazetini. Hayo yafanyike kabla ya reli ya kwanza kulazwa.