Chanjo Vyuoni Isije kwa Tamko la Barabarani

Enzi za chama kimoja tulizoea kutawaliwa kwa matamko ya barabarani. Mkubwa alinena, na kabla ya jua kuchwa neno lake lilikuwa sheria. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi walidhani mwenendo huo nao umezikwa.

Haukuzikwa. Novemba 21, 2021, Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyekamilisha chanjo ya Korona asingehudumiwa ana kwa ana na serikali. Elimu nayo ilikuwamo katika orodha. Siku hiyo, watu wazima waliokamilisha chanjo hawakufikia mmoja katika kila kumi. Kijana wa kisiwani Mfangano asomaye Homa Bay angezipata wapi dozi mbili, zinazotenganishwa kwa majuma kadhaa, katika siku 30?

Desemba 14, Jaji Antony Mrima wa Mahakama Kuu aliisimamisha amri hiyo hadi kesi isikizwe. Ndugu muumini, usidhani kwamba mahakama iliihukumu chanjo. Swali lilikuwa juu ya amri na njia iliyopitia.

Ibara ya 24 ya Katiba yaruhusu haki ipunguzwe, mradi iwe kwa sheria, kwa sababu ya maana, na baada ya kutafakari kama ipo njia nyepesi zaidi. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za mawaziri nayo yadai wananchi washauriwe na kanuni zifikishwe Bungeni. Chuo basi chaweza kudai chanjo, nami ningekiunga mkono, hasa kwa wanafunzi wa uuguzi waingiao wodini kila asubuhi.

Njia nyepesi twaijua huku kwetu. Septemba 13, 2019, chanjo ya malaria ilizinduliwa Ndhiwa, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti zilizoipokea. Ilikuwa ya hiari. Wazazi walielezwa, wakawaleta watoto. Kinyume chake, mwaka 2014 Maaskofu Wakatoliki walipoitilia shaka chanjo ya pepopunda, Shirika la Afya Duniani lilisema ni salama, lakini mnong'ono ulikwisha kuvuka mito. Wizara ingaliketi na makanisa mapema, ambayo yenyewe yana hospitali na zahanati zinazochanja, pengine ule mzozo usingalifika magazetini.

Ugonjwa mwingine ukizuka, mabaraza ya Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya yawaite wanafunzi, wahadhiri, wapishi na mabawabu kabla ya kuandika kanuni. Dozi ziletwe chuoni bila malipo. Mwenye maradhi yanayomzuia kuchanjwa asikizwe. Na mtu asifungiwe mlango wa chumba cha mtihani, wala asikatiwe mshahara, kabla ya kujitetea na kupewa sababu kwa maandishi, kama Ibara ya 47 isemavyo.