Kiharusi ziwani Mweru: daftari la presha livuke pamoja na mwenyewe

Mama mmoja muuza chisense, ambaye namfahamu tangu zamani hapa Kashikishi, aliamka alfajiri ya siku ya boti akakuta mkono na mguu wa kulia havimtii na mdomo umepinda. Akili ilikuwa timamu, hata wadeni wake aliwataja wote. Ndugu wakasema ametupiwa kitu na washindani wa soko, na siku mbili zikapotea kabla ya kufikishwa hospitali. Presha ilikuwa juu mno. Vidonge alikuwa ameviacha tangu Desemba, uvuvi ulipofungwa akahamia kwa dada yake upande wa Kongo, na daftari lake la kliniki likabaki Nchelenge.

Ndugu wasomaji, tuelewe kilichompata. Ubongo una sehemu ya kijivu, yenye seli zinazotoa amri na kupokea habari, na sehemu nyeupe, yaani nyuzi ndefu zinazosafirisha amri hizo, zikiwa zimevikwa utando wa mafuta. Wengi hudhani kijivu iko juu tu. La hasha. Ndani kabisa ya kichwa viko vituo vya kijivu, kikiwamo thalamasi kinachopokea hisia za mwili, na katikati ya vituo hivyo nyuzi za mikono na miguu hupita zimebanana katika njia nyembamba.

Wafanyabiashara wa Luapula wanakumbuka pantoni ya Chembe kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2008. Pantoni ikiharibika, maduka ya Mansa yalikuwa wazi na maghala ya Copperbelt yamejaa, lakini mzigo hauvuki. Ndivyo ilivyo. Doa lisilofika sentimita moja na nusu likiangukia njia ile, nusu ya mwili hulala, ingawa seli zinazoamuru ziko hai.

Mishipa ya damu ya huko chini ni myembamba, huchipuka moja kwa moja kutoka mshipa mkubwa, na haina njia ya pembeni ya kuisaidia. Presha ikiipiga miaka mingi, huziba au hupasuka. Mara nyingine madoa huja madogo madogo bila kishindo, yakila sehemu nyeupe, hadi mtu anatembea kwa kuburuta na kukosea hesabu zake, nasi tunasema ni uzee.

Wala huu si ugonjwa wa matajiri. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Seli za kijivu huanza kufa ndani ya dakika chache. Anayetoka kisiwani Kilwa kwa boti atazipata wapi saa hizo? Kwa maoni yangu, sisi wa mwambao huu vita yetu ni ya vidonge vya kila siku, na vidonge hukatikia mpakani.

Tangu Desemba 2021 misafara imewarudisha Wakongomani kutoka makazi ya Mantapala kwenda Pweto. Anayerudi hukumbuka sufuria na vyeti vya watoto. Namwomba aongeze daftari la presha, jina la dawa liandikwe wazi kwa herufi kubwa, na aombe dozi ya miezi kadhaa kabla ya kupanda gari. Wakuu wa afya wa pande zote mbili nao wakubaliane kwamba daftari la ng'ambo lipokewe bila mgonjwa kuanzishwa upya foleni.

Mama yule ameanza kusimama kwa fimbo. Fedha anahesabu kwa mkono wa kushoto, polepole, na wateja wanamsubiri.