Jiwe la Mtoni Lina Wenyeji Wake

Wakulima wenzangu,

Mimi ni karani tu katika ofisi ya kilimo, wala si Bwana Shamba. Lakini nilisomea ualimu, na mwalimu akiona jambo la kufundisha ni shida kunyamaza. Leo nataka tuzungumze juu ya vidudu vya chini ya mto, ambavyo huvikanyaga kila tunapovuka na wala hatuvijui.

Nenda kwenye mto wowote unaotoka msitu wa Mau, kama Kiptiget, Itare au Nyangores. Inua jiwe, uligeuze. Utaona kidudu bapa chenye mikia mitatu, kimegandamana na jiwe kama karatasi iliyolowa. Utaona funza aliyesuka wavu mdogo wa kunasa chakula kinacholetwa na maji. Pengine utamwona kaa akikimbia. Hao hula majani yaliyoanguka na ukoga wa mawe, nao huliwa na samaki.

Je, mto ukijaa huokokaje? Kila mmoja ana njia yake. Yule bapa huyaacha maji yapite juu ya mgongo wake, na yakizidi nguvu huhamia chini ya jiwe. Wengine hushuka katika nafasi zilizo kati ya changarawe, wakangoja humo. Wengine hujiachilia, wakachukuliwa mpaka mahali patulivu; na baadaye, wakiisha kuota mabawa, wako majike warukao kuelekea juu ya mto kutaga mayai. Tena yuko usubi mmoja aliyeleta upofu zamani huko Nyanza, ambaye watoto wake hujishikiza juu ya kaa wa mtoni. Wataalamu van Someren na McMahon waliitangaza habari hiyo mwaka 1950.

Kiangazi kikija, maji yakapungua na kupata joto, wengi hushuka tena katika changarawe. Basi mafuriko yaje au ukame uje, kimbilio kubwa ni lile lile: nafasi iliyo kati ya mawe.

Nasi tunafanya nini? Tunalima mpaka ukingoni. Mvua ikinyesha, udongo wetu mwekundu huingia mtoni ukaziba nafasi hizo. Na huko juu tukikata msitu, maji huja kwa kishindo na kuondoka upesi. Hapo wenyeji wa jiwe hupotea, wakabaki minyoo na funza wekundu wa matopeni wanaostahimili hewa kidogo.

Sisemi haya kuwalaumu wengine. Mimi mwenyewe nililima kabichi mpaka kwenye maji kwa misimu mitatu. Msimu wa tatu mto uliichukua mistari minne pamoja na udongo wake. Nilipogeuza mawe hapo chini, nilikuta tope tupu. Ofisini naandika barua za kuwaonya watu wasilime ukingoni. Siku ile niliona haya.

Najua mtasema, “Shamba langu ni ekari moja. Nikimwachia mto, watoto watakula nini?” Swali hilo ni la haki. Lakini tupige hesabu. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukingo wa mita 6 hadi 30. Mtu ambaye shamba lake linapakana na mto kwa mita 50, akiacha mita 6, ameacha mita za mraba 300, yaani chini ya sehemu moja katika kumi na tatu ya ekari. Tena nyasi za hapo unaweza kuzikata kwa mundu ukampa ng'ombe, mradi usiguse mizizi. Mimi nadhani ni afadhali kutoa kipande hicho kwa hiari kuliko kunyang'anywa na mto pamoja na mbolea uliyoinunua.

Basi fanyeni haya. Acheni ukingo wenye nyasi na miti ya kienyeji. Msipande mikaratusi hapo, maana hunywa maji mengi. Msioshee bomba la dawa mtoni, kwa maana sumu haichagui adui na rafiki. Na mara moja kwa mwezi, mchukue mtoto, mkageuze jiwe pamoja, kisha mlirudishe lilivyokuwa. Mkiwakuta wenyeji wake, shukuruni. Mkikuta tope, msimwulize jirani kwanza. Tazameni ukingo wenu.