Simba hotelini, gorila mlangoni

Mwaka 1920 bwana mmoja aliingia katika hoteli ya Belleclaire, mjini New York, akaandikisha jina lake kuwa T. R. Zann. Alikuja na kasha kubwa, akasema ndani yake mna piano. Kasha likapandishwa hadi chumbani. Baada ya muda bwana huyo akaagiza chakula: nyama mbichi, ratili 15. Watu wa hoteli walipokwenda kutazama, lo! Wakamkuta simba mzima.

Polisi wakaitwa, waandishi wa magazeti wakaja mbio, na mji mzima ukawa hauna habari ila ya simba wa hotelini. Haukupita muda yakatokea matangazo ya picha mpya ya Tarzan. Hebu msomaji litaje upesi upesi lile jina la mgeni, T. R. Zann, nawe utaona mchezo ulivyopangwa. Aliyeupanga ni Harry Reichenbach, mtu aliyekuwa akilipwa ili azifanye picha za sinema zizungumzwe kabla hazijaonekana. Magazeti yalimtangazia bidhaa yake bila ya yeye kulipa hata senti.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya sinema chema na kibaya vyote hutembezwa, na picha za msituni zimetembezwa kuliko zote. Kampuni zilipopeleka filamu ziliambatisha na kijitabu cha kumwelekeza mwenye jumba namna ya kuvuta watu: pamba mlango kwa makuti na majani, weka ngoma ilie, mvike mkata tikiti ngozi ya chui. Mtazamaji aliingia msituni tangu barazani, kabla taa hazijazimwa. Haya ni mapambo tu, wala hayamdhuru mtu. Madhara huanza pale mapambo yanapoambiwa watu kuwa ni habari ya kweli.

Chukua mfano wa picha iliyoitwa “Ingagi”, iliyotolewa Marekani mwaka 1930. Jina hilo ndugu zetu wa Rwanda wanalijua vizuri, kwani katika lugha yao ndilo la gorila. Wenye picha, kampuni iliyojiita Congo Pictures, walitangaza kwamba ni safari ya kweli ya mtaalamu Mwingereza, Sir Hubert Winstead, katika misitu ya Kongo ya Wabelgiji. Ati huko aligundua kabila linalotoa wanawake wake kafara kwa gorila. Mabango yakachorwa jitu la gorila limembeba mwanamke, na watu wakajazana. Picha hiyo ikawa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi sana wakati huo, ingawa Marekani ilikuwa imeingia katika dhiki kuu ya uchumi.

Kisha maswali yakaanza. Sir Hubert Winstead alitafutwa, akakosekana, hajapata kuzaliwa. Sehemu kubwa ya wanyama na safari iliibwa katika filamu ya zamani ya Lady Grace Mackenzie, aliyekuja kuwinda Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mbilikimo waliomo walikuwa watoto weusi wa mjini Los Angeles. Mnyama mpya mwenye sumu, aliyesifiwa kuwa ajabu ya sayansi, alikuwa kobe aliyegandishwa mabawa na magamba kwa gundi. Na gorila mwenyewe? Alikuwa Charles Gemora, mzaliwa wa Ufilipino, fundi wa kushona mavazi ya gorila na kuyavaa.

Chama cha watengenezaji wa picha, chini ya Will Hays, kikawakataza wanachama wake kuionyesha. Mwaka 1933 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ikaamuru wenye picha waache kuitangaza kuwa ni ya kweli. Yaani miaka mitatu baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kuliwa! Na mtu aliyeitazama huko Chicago, asiye na njia nyingine ya kuijua Kongo, nani alimfuata nyumbani kumweleza kwamba lile kabila halipo?

Itasemwa kwamba wale walikuwa matapeli, na kampuni kubwa hazikufanya hivyo. Tutazame basi kampuni kubwa. Mwaka 1929 MGM ilituma kikosi chake kikashuka Mombasa, kikapanda gari la moshi kwenda bara kupiga picha ya “Trader Horn”, iliyotoka mwaka 1931. Hawa walifika kweli, wakazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mwigizaji mmoja Mwafrika, Mutia Omoolu, alipelekwa hata Hollywood kumalizia kazi. Hata hivyo kiini cha hadithi yenyewe ni msichana mzungu anayeabudiwa na watu weusi kama mungu, na huyo ndiye aliyewekwa mbele katika matangazo. Ukweli wote uliosafiriwa maili elfu kadhaa ulitumika kuupa uzito uongo mmoja.

Sisi wa pwani tuliyatazama haya mara mbili, kwanza barazani kisha ndani. Majumba ya Mombasa kama Regal, Majestic na Naaz yalikuwa na siku zake, hasa siku za Idd, watoto wakiwa na nguo mpya na senti za mkono wa Idd mfukoni. India nayo haikubaki nyuma: mwaka 1937 kampuni ya Wadia ilitoa “Toofani Tarzan”, steringi akiwa John Cawas. Kijana wa kwetu alimshangilia Tarzan kama alivyomshangilia steringi yeyote, wala simlaumu. Lakini mwandishi wa Tarzan, Edgar Rice Burroughs, hakupata kuikanyaga Afrika. Katika hadithi yake ya kwanza, mwaka 1912, alimweka chui milia katika msitu wetu, mpaka akarekebishwa. Kabila moja la msituni alilipa jina la Waziri! Na Mwarabu wa pembe za ndovu na watumwa akaingia humo kama adui. Biashara ya watumwa ilikuwako, wala haifai kuifunika. Ila mtoto aliyekaa pale na kanzu yake ya Idd hakuonyeshwa mvuvi, fundi wa jahazi wala kadhi. Kanzu ilipotokea, ilitokea na bunduki na minyororo.

Leo baraza la sinema limehamia katika simu, na simba wa hotelini hahitaji kasha. Mwaka 2016 zilitoka picha mbili za msituni zinazofaa kulinganishwa. “The Jungle Book” ilipigwa ndani ya studio mjini Los Angeles, wanyama wote wakatengenezwa kwa kompyuta, na mwishoni filamu yenyewe ikaandika wazi kwamba imepigwa katikati ya mji huo. Huo ni uchuuzi safi. “The Legend of Tarzan” ilichukua Kongo ya Mfalme Leopold, mahali walipokufa watu wengi mno, ikawatia na watu waliopata kuishi kama Leon Rom na George Washington Williams, ikapigwa zaidi Uingereza. Lakini bangoni kilichouzwa ni kifua cha Tarzan.

Hapa Kenya sheria inaitaka bodi ya uainishaji wa filamu ipitie filamu pamoja na mabango yake. Hutazama umri wa watazamaji, mapigano, uchi na matusi. Tangazo linaloita jambo la kubuni kuwa ni habari ya kweli ya nchi za watu linaweza kupita hapo na alama ya “kwa watu wote”, likabandikwa mlangoni siku hiyo hiyo.