Mhandisi Aulizwe kwa Mdomo

Katika vyuo vikuu vingi kuna imani ambayo haihojiwi: kwamba mtihani wa kuandika ndio wa haki, na ule wa mdomo ni mlango wa upendeleo. Imani hiyo ni potofu, na katika uhandisi ni ya hatari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, alikuwa akifundisha Rio de Janeiro. Alisimulia baadaye jinsi alivyosikiliza mtihani wa mdomo wa kuingia chuo cha uhandisi. Kijana mmoja alijibu kila kitu bila kusita, likiwemo swali la mwanga unaopita kwenye bamba la kioo: hutoka sambamba na ulivyoingia, ila umesogea kando. Mtihani ulipokwisha Feynman akamfuata. Kama kitabu hiki kingekuwa cha kioo, na kitu kilicho mezani kikatazamwa kupitia humo, kisha kioo kikainamishwa, taswira ya kitu hicho itakuwaje? Itageuka kwa pembe maradufu, kijana akasema, kana kwamba kioo hicho ni cha kujitazamia. Jibu sahihi alikuwa amelitamka muda mfupi tu uliopita!

Wale watahini walikuwa na mdomo, lakini waliutumia kama karatasi. Nguvu ya mtihani wa mdomo iko kwenye swali la pili, lile linalozaliwa na jibu la kwanza. Aliyekariri mitihani ya miaka iliyopita hukwama hapo.

Na uhandisi wenyewe ni kazi ya swali la pili. Julai 17, 1981, vivuko viwili vya ndani katika hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, viliporomoka na kuua watu 114. Katika mchoro wa awali, nondo moja ilishuka kutoka darini, ikapita kivuko cha ghorofa ya nne hadi cha pili. Wakati wa utengenezaji ikagawanywa vipande viwili, kivuko cha chini kikaning'inizwa kwenye cha juu. Nati iliyoshika kivuko cha juu, iliyopaswa kubeba kivuko kimoja, sasa ikabeba viwili. Badiliko hilo lilipitishwa bila hesabu. Swali moja tu, "Nati hii sasa inabeba nini?", lingetosha kulisimamisha.

Watetezi wa karatasi husema madarasa ni makubwa. Wapige hesabu: wanafunzi 200 kwa dakika 15 kila mmoja ni saa 50, sawasawa na kusahihisha karatasi 200 kwa dakika hizo hizo. Upendeleo nao una dawa: watahini wawili, vigezo vilivyoandikwa mapema, sauti kurekodiwa. Nchini Italia, ambako mtihani wa mdomo ni jambo la kawaida chuoni, mtihani huo ni wa hadhara. Wenzake mtahiniwa wanaweza kukaa na kusikiliza. Mtihani wa kuandika, unaosahihishwa na mtu mmoja ofisini kwake, haujawahi kuwa wazi kiasi hicho.

Hoja ya lugha ndiyo nzito zaidi, kwani wapo wanaoelewa vizuri lakini Kiingereza kinawafunga ulimi. Basi waruhusiwe Kiswahili. Huko kazini, fundi wa nondo ataelekezwa kwa lugha gani?

Idara ya uhandisi ianze na somo moja, usanifu wa miundo. Mwanafunzi apewe mchoro wa kiungo, aonyeshe kwa kidole mzigo unapita wapi hadi kufika kwenye msingi, kisha mtahini abadilishe boliti moja na kumuuliza upya.